Kwa Nini Twaogopa Kukaa Peke Yetu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri, aliyemuumba mwanadamu naye ayajua yanayopita ndani ya nafsi yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu, maneno yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu analo, mwenye elimu na asiye na elimu, tajiri na maskini. Nalo ni hili, kwamba hatuwezi kutulia na nafsi zetu hata kwa robo saa.

Tazameni stima inapokatika usiku mtaani. Mara moja televisheni hunyamaza, feni husimama, na nyumba nzima huwa kimya. Waliokuwamo ndani, badala ya kusema alhamdulillahi, leo tumepata utulivu, huona kama wamepatwa na msiba. Huyu hutoka barazani kutafuta wa kuzungumza naye. Yule hushika simu aangalie chaji iliyobaki. Wa tatu huuliza kila dakika, je, itarudi saa ngapi? Kiza sicho kilichowatisha, kwani kiza wamekizoea tangu utotoni. Kilichowatisha ni kimya.

Wengi wetu tukiulizwa sababu twasema kwamba ni zama hizi. Wazee wetu walilaumu gramafoni, kisha wakalaumu redio, kisha wakalaumu sinema. Sisi leo twalaumu simu ya mkononi, na mpira wa Uingereza, na kamari inayochezwa kwa kidole mtu akiwa amelala kitandani mwake. Wala hatusemi kuwa vitu hivi havina madhara, maana madhara yake twayaona katika nyumba zetu. Lakini kuvilaumu peke yake ni kama mgonjwa wa homa kuilaumu shuka aliyojifunika. Tuangalie khabari moja ya zamani, kabla ya chombo chochote katika hivi, tupate kujua maradhi haya yana umri gani.

Katika Sura ya Jumu'a, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametaja watu ambao walipoona biashara au pumbao waliliendea mbio, wakamwacha Mtume amesimama. Na Jabir bin Abdillahi, radhi za Mungu zimshukie, ambaye alikuwapo siku hiyo, amesimulia kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba msafara uliochukua chakula uliingia Madina siku ya Ijumaa, watu wakaukimbilia, hata hawakubaki na Mtume ila watu kumi na wawili. Wafasiri wameeleza kwamba ulikuwa wakati wa njaa na bei za vyakula zilikuwa juu, na kwamba misafara ilikuwa ikipigiwa ngoma inapoingia mjini. Basi yatupasa tuitaje khabari hii kwa adabu, kwani hao ni Masahaba, na njaa ni udhuru mkubwa, na Mola wao aliwafundisha wakafundishika.

Lakini angalieni mafunzo yaliyomo. Aya hiyo mwanzo wake yatanguliza biashara kisha pumbao, na mwisho wake yatanguliza pumbao kisha biashara, ikituambia kwamba yaliyoko kwa Mungu ni bora kuliko yote mawili. Wengine waliondoka kwa haja ya chakula, na haja hiyo twaifahamu. Lakini pumbao nalo limetajwa, tena mara mbili. Madina siku hiyo hapakuwa na simu wala sinema. Palikuwa na ngoma tu. Na aliyekuwa juu ya mimbari ni mbora wa viumbe na fasaha wa wasemaji. Basi ikiwa sikio la mwanadamu laweza kuiacha sauti ya Mtume likafuata mlio wa ngoma, tujue kwamba maradhi hayamo ndani ya ngoma.

Yamo wapi, basi?

Mwaka 2014 wataalamu wa elimu ya nafsi huko Marekani, wakiongozwa na Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, walitangaza jaribio walilolifanya. Walimweka mtu peke yake chumbani kwa muda wa dakika 15, hana kitabu wala simu, hana kazi ila kufikiri. Mbele yake waliweka kitufe ambacho akikibonyeza kitampiga kwa umeme. Umeme huo watu hao walikwisha kuuonja kabla, na wakasema kwamba wako tayari kutoa pesa ili wasipigwe nao tena. Pamoja na hayo, katika wanaume 18, wanaume 12 walijipiga kwa umeme ndani ya dakika hizo 15. Na katika wanawake 24, waliojipiga ni 6. Waliona afadhali maumivu ya mwili kuliko kukaa na fikira zao.

Khabari hii haifai kuwa ya kuwacheka Wamarekani. Sisi nasi tuna vitufe vyetu. Yuko ambaye huanza mirungu baada ya Alasiri akaitafuna hata usiku wa manane, na taya zamuuma, na tumbo lamuuma, na usingizi hauji, kisha kesho hurudi pale pale. Ukimuuliza raha yake nini, hana jibu. Yuko ambaye hupitisha kidole juu ya simu saa mbili nzima, akatoka na macho mekundu, wala hawezi kukutajia mambo matatu aliyoyaona. Huyu hakutafuta raha, maana raha hakuipata. Alikuwa akimkimbia mtu, na mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Kwa nini mtu aikimbie nafsi yake? Ewe ndugu msomaji, wewe wajua hali ya mwenye deni la dukani. Njia yake ya kwenda msikitini yapita mbele ya duka lile, lakini yeye huzunguka kwa uchochoro wa nyuma, na akiulizwa husema kwamba uchochoro una kivuli. Basi nafsi ni mdai wetu, na duka lake liko ndani ya kifua. Mchana kuna makelele, hatumsikii. Tukikaa peke yetu na kimya kikaingia, hufungua daftari. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Kiyama kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akitoa nyudhuru zake zote. Nasi shahidi huyu twamjua. Ndiyo maana twampigia ngoma asisikike.

Na tuache maneno ya jumla, tuseme yaliyomo katika miji yetu. Mzee amefariki, ameacha nyumba ya mawe, na watoto wa kiume na wa kike. Miaka kumi imepita, nyumba haijagawanywa. Mwana mkubwa apokea kodi kila mwezi, na dada zake huwapa nguo siku ya Idi na pesa kidogo za Ramadhani, nao humwombea dua kwa wema wake. Fungu lao limewekwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya Nisaa, wala halingoji ukarimu wa ndugu yao. Mtu huyu huswali safu ya mbele. Hutoa sadaka. Hahudhurii ngoma. Lakini mwulizeni ni lini alikaa peke yake, mlango umefungwa, akaifikiri nyumba ile? Hathubutu. Kila inapomkaribia fikira hiyo huwa ana maziko ya kwenda, au harusi, au mkutano wa kamati, au khabari za vita za nchi za mbali ambazo lazima azisikilize. Na mwingine ana mama aliyemwudhi na hakumrudia. Na mwingine ana mke aliyemtelekeza bila talaka wala masurufu. Na mwingine ameazima pesa kwa rafiki, na rafiki akaona haya kuzidai hata akafa nazo. Hao wote si wajinga wa dini. Wanajua la kufanya. Wanachokosa ni ile saa ya kimya ambamo kujua hugeuka kuwa kutenda.

Na hili ndilo tunalotaka lifahamike katika maneno yetu yote ya leo, kwamba pumbao haliharibu wakati peke yake. Laharibu toba. Mtu hatubii dhambi asiyoitazama, wala haitazami ila akitulia. Katika Sura ya Hashri twakanywa tusiwe kama wale waliomsahau Mungu, naye akawasahaulisha nafsi zao. Adhabu gani kubwa kuliko hiyo, mtu kuishi miaka sitini na mgeni ndani ya kifua chake, asiwahi kumwuliza khabari?

Kwa hiyo Mwenyezi Mungu alipowaita washirikina wa Makka waifikirie khabari ya Mtume, katika Sura ya Saba'i, aliwataka wasimame kwa ajili yake wawili wawili na mmoja mmoja, kisha wafikiri. Hakuwaita kundi zima kwa mara moja. Kwani katika kundi mtu husema lile litakalosifiwa, na hucheka wanapocheka wenziwe, na haki huifunika kwa khofu ya macho ya watu. Akiwa na mwenzi mmoja mwaminifu, au akiwa peke yake, hana wa kumwonyesha ushujaa.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kabla ya kupewa utume alipendezeshwa khalwa, kama alivyosimulia Bibi Aisha. Alikuwa akichukua chakula chake akenda pango la Hira, akiabudu huko masiku kadhaa, kisha hurudi kwa Bibi Khadija akachukua chakula kingine. Wahyi wa kwanza haukumjia sokoni, wala Darun-Nadwa walipokuwa wakikutana wakubwa wa Kikureshi. Ulimjia pangoni. Na baada ya kuwa Mtume na kiongozi, mwenye wageni na vita na mashauri ya watu wote, hakuiacha khalwa. Kila Ramadhani alikuwa akikaa itikafu siku kumi, na mwaka aliofariki alikaa siku 20.

Pengine atasema msemaji, Je, sheikh, mwataka kutuharamishia kila mchezo, tukae nyuso zimekunjamana? La, hashaa. Mtume aliwaacha Mahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama akiwa nyuma yake, naye akamsubiri hata alipochoka mwenyewe. Na Hanzala alipolalamika kwamba akiwa mbele ya Mtume moyo wake huwa kama unaiona Pepo na Moto, na akirudi kwa mke na watoto na mali husahau mengi, akajidhania kuwa ni mnafiki, Mtume hakumwambia aihame nyumba yake. Alimfahamisha kwamba saa moja ni ya hivi na saa nyingine ni ya hivyo. Hamali aliyebeba magunia tangu alfajiri, akacheza bao na wenziwe baada ya Magharibi, akacheka, kisha akaenda kwake akalala, huyo amepumzika, na Mungu ampe afya.

Tofauti ya mapumziko na kukimbia ni nyepesi kuijua. Mapumziko yana mwisho, na mtu huyatoka akiwa na nguvu ya kurudia wajibu wake. Kukimbia hakuna mwisho. Kila ukizidi hutaka zaidi, na ukikatizwa hukasirika, na ukimaliza huwa umechoka kuliko ulivyoanza. Kila mtu ajipime kwa mizani hii, wala asimpime jirani yake.

Na sasa twaja kwenye jambo zito, nalo latuhusu sisi wenyewe tunaohudhuria darsa na kusoma kurasa kama hizi. Pumbao huweza kuvaa kanzu na kilemba. Mtu hutoka katika darsa ya baada ya Magharibi akaenda baraza, na huko maneno ni yale yale kila usiku: fulani amezua bid'a, msikiti fulani hausomi vizuri, sheikh fulani amekosea mas'ala. Na asipofika barazani, hubishana kwa simu katika makundi ya WhatsApp hata saa sita za usiku, akatuma sauti ndefu za kuwatengeneza Waislamu wa dunia nzima. Kukataza maovu ni wajibu, wala hatuuondoi. Lakini mtu aweza kuitumia bid'a ya jirani yake kama mwingine anavyotumia mpira wa Uingereza, yaani asiyasikie yaliyomo nyumbani kwake mwenyewe. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake hapa Mombasa mwaka 1932, alilipa jina la Al-Islah, yaani kutengeneza. Na mtengenezaji aliye fundi huanza na chombo anachosafiria.

Tumtazame Imamu Ghazali. Mwaka 1095, sawa na mwaka 488 wa Hijra, alikuwa mwalimu katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, na huenda hapakuwa na cheo cha elimu kilichotamaniwa kuliko chake. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha Al-Munqidh kwamba aliyaangalia matendo yake, na bora yake ni kusomesha, akaiuliza nafsi yake nia yake katika kusomesha, akaiona haikumsafia Mungu, bali msukumo wake ni kutaka cheo na sifa. Alisitasita karibu miezi sita, hata ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha. Mwisho akaacha yote, akaenda Sham, akawa akipanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia humo. Baada ya miaka kiasi cha kumi na moja alirudi kusomesha watu. Elimu ilikuwa ile ile, lakini nia iliyorudi siyo iliyoondoka. Ikiwa Ghazali alihitaji kimya ili ajue kwamba darsa yake imeingiwa na kitu, sisi tuna dhamana gani kwamba darsa zetu zimesalimika?

Wala mtu asituelewe vibaya akadhani twawaita watu wawe mapadri wa jangwani. Uislamu hauna utawa wa kuacha mke na kazi. Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba Muumini anayechanganyika na watu na kuyasubiri maudhi yao ana ujira mkubwa kuliko asiyechanganyika nao. Na pia kuna tofauti baina ya khalwa na upweke. Khalwa mtu huichagua. Upweke humwangukia. Yule bibi kizee aliyefiwa na mume, na wanawe wako Ulaya na Bara Arabu, hahitaji wa kumwambia akae kimya. Kimya anacho cha kutosha. Yeye ahitaji mtu wa kumbishia hodi. Atakayeyafanya maneno yetu kisingizio cha kutozuru jamaa na wagonjwa, ametukosea.

Tunalolitaka ni dogo. Katika saa ishirini na nne, toa robo saa moja. Anayeamka kabla ya Alfajiri, basi wakati huo ni bora. Asiyeweza, na iwe baada ya Isha. Mama mwenye watoto wadogo, ambaye nyumba yake haimpi nafasi, na akae dakika tano juu ya msala wake baada ya kutoa salamu, na mume wake amchukulie watoto, kwani hiyo nayo ni sadaka. Simu iwekwe chumba kingine. Kisha ujiulize maneno matatu: Leo nimemdhulumu nani? Nadaiwa nini, na Mungu au na waja? Na lau nitakufa usiku huu, ni jambo gani ambalo litanitia haya? Siku za mwanzo utaona uzito, na nafsi itakukumbusha kazi mia. Usiondoke. Mdai akiona umesimama kumsikiliza, hupunguza sauti.

Na jibu likija, usilifanye kuwa fikira nzuri tu. Lifanyie kazi siku inayofuata kabla ya jua kuchwa. Mpigie simu dada yako umwambie, njoo na mumeo Jumamosi tuigawe nyumba ya baba mbele ya kadhi. Hiyo ndiyo faida ya khalwa, na bila ya hiyo imekuwa pumbao jingine.

Na atakayejaaliwa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, na aangalie asije akaingia msikitini na soko lote mfukoni mwake. Itikafu ni kujizuia. Mwenye kulala msikitini huku macho yamo ndani ya simu amehama malazi tu.

Ndugu zetu, Mtume ametufundisha kwamba maiti hufuatwa na vitatu, viwili vikarudi na kimoja kikabaki. Humfuata watu wake na mali yake na amali yake, wakarudi watu na mali, ikabaki amali. Basi iko khalwa ambayo hakuna atakayeikimbia. Baraza haitafika humo, wala stima, wala simu. Tutakuwa na yule yule tuliyemkwepa miaka yote kwa uchochoro wa nyuma. Ni kheri tujuane naye leo, wakati daftari lingali wazi na deni laweza kulipwa, kuliko kujulishwa naye siku ambayo kalamu zimekwisha kuinuliwa.

Ewe Mola wetu, tupe ujasiri wa kuzitazama nafsi zetu, na tupe nguvu ya kurudisha haki za watu kabla hazijadaiwa mbele yako. Utujaalie kimya chetu kiwe ni kukukumbuka wewe, na maneno yetu yawe ya kheri, na uifanye saa bora ya maisha yetu iwe ile ya mwisho. Amin.

Wabillahi tawfiq.